Pande Mbili Zisizolingana

Kalunde mwanangu,

Ungekuwa wewe ndiye unayeandika, ungeanza na shikamoo, nami ningeitikia marahaba huku naangalia pembeni, maana tangu wiki hii ianze nashindwa kukutazama usoni. Basi leo naanza mimi, na ninakutazama. Umelala. Shangazi yako Agnesi amejinyoosha kwenye kochi sebuleni, begi lenu liko mlangoni, na baba yako nimeshamgeuza upande wa ukutani. Nyumba nzima imetulia isipokuwa mimi.

Sitakuandikia habari za chakula cha njiani wala za kuvaa sweta kwenye basi. Hayo shangazi yako anayajua, na dawa zako anazijua kunishinda. Mambo ya gharama nayo ndugu na jumuiya wameyabeba, Mungu awalipe. Nakuandikia kwa sababu kesho pale stendi nitalia, na nikilia siwezi kusema kitu. Na nikijikaza nisilie, nitakachosema ni usiende.

Naogopa, Kalunde. Nalisema mapema ili usilitafute katikati ya maneno mengine. Watu wananiambia Mungu ni mwema, naitikia amina, kisha nikigeuka namuuliza huyo Mungu kama ameuona mgongo wa mwanangu au anausikia tu kwa watu.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa darasa la tano. Tulikwenda Ntalikwa kwa bibi yako kupalilia karanga, na jioni bibi akawa anakuogesha nyuma ya nyumba, umekaa kwenye beseni ukilalamika kwamba wewe ni mkubwa sasa. Akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

“Njoo uangalie bega la mtoto.”

Nikaja, nikaangalia. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na nyuma, upande wa kulia, mfupa wa bega umetoka nje kidogo kama mtu anayechungulia.

“Anabeba begi la shule upande mmoja,” nikasema.

“Begi halipindi mfupa,” bibi akajibu. “Hili ni bega la mpagazi.”

Ndipo akatuhadithia habari za babu yake. Alikuwa mtu wa misafara, akitoka hapa Unyanyembe na mzigo begani mpaka pwani, kama walivyofanya wanaume wengi wa Kinyamwezi wa zamani hizo. Aliporudi mara ya mwisho bega lake moja lilikuwa limeshuka na lina sugu ngumu kama kwato, na halikupanda tena hadi alipozikwa. Bibi alikuwa anakumwagia maji polepole, halafu akasema, “Lakini yeye alibeba mzigo. Huyu mayu, huyu binti yetu, amebeba nini?”

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu nilijua amesema kweli, na sikutaka iwe kweli. Muhula mzima nikawa nakukaripia: kaa wima, nyoosha mgongo, acha uvivu. Ukawa unanyoosha kadiri ya uwezo wako mpaka shingo inakakamaa, halafu ukisahau unarudi palepale. Nilikuchapa siku moja kwa ajili hiyo. Nilimchapa mtoto kwa sababu ya mfupa.

Kisha nikakupeleka Lusu. Sihitaji kukueleza habari za Lusu, unazijua kuliko mimi kwa kuwa mwili ulikuwa wako. Lakini hatujawahi kuzizungumza, na sitaki uondoke tukiwa tumezikalia kimya. Mama yako mkubwa alisema kuna mzee kijijini kwao anaunga mifupa, amenyoosha mikono ya watu na miguu ya ng'ombe. Mzee yule akachana kanga zangu mbili vipande virefu, akachonga vijiti bapa, akakufunga kuanzia kwapani mpaka nyongani. Alivuta kwa mguu ameukanyagisha ukutani. Mimi ndiye niliyekushika mikono.

“Mama, nikipumua inauma.”

“Vumilia, mgongo unyooke.”

Ulivumilia. Ulilala umekaa. Ulikula kidogo kwa sababu tumbo halikuwa na mahali pa kwenda. Nami nikawaambia majirani kwa fahari kwamba mwanangu ni jasiri. Baba yako alikuwa bado mzima wakati huo, kazi yake ya kutengeneza malori ilikuwa imempeleka Igunga. Aliporudi akakukumbatia kukusalimia, ukapiga kelele. Akakuvua gauni, akaona ngozi ya chini ya kwapa imechubuka mpaka ina maji. Alichukua kisu cha jikoni akakata vile vitambaa kimoja kimoja, taratibu, huku akikuimbia upuuzi ili usitazame. Alipomaliza ndipo akaniambia, “Huyu si mche wa mti umfungie kijiti.”

Tukaenda hospitali. Daktari alieleza vizuri, akachora mgongo kwenye karatasi, akasema upasuaji unawezekana Dar es Salaam na ni vizuri ufanyike mapema kabla mfupa haujakomaa. Ulikuwa umekaa pale kwenye kiti, miguu haijafika chini. Ulisikia nikisema hapana. Baba yako alitaka tufikirie, mimi nikasema hapana, maana kwenye foleni kule nje mwanamke mmoja alikuwa ameshanisimulia juu ya mtoto aliyepasuliwa mgongo akarudi nyumbani miguu imekufa. Sikumjua yule mwanamke, wala mtoto sikuwahi kumwona. Nilichagua mgongo uliopinda kuliko miguu isiyotembea, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hayo ndiyo mawili tu yaliyopo. Hofu ndiyo iliyonipa orodha fupi namna hiyo.

Miaka iliyofuata nilikuwa fundi wa kukuficha. Sweta la shule wakati wa joto la Oktoba, wenzako wamebaki na mashati. Magauni mapana kama mahema. Kanisani nakupitishia kitenge begani, kwenye picha nakusimamisha nyuma ya watu. Ukiuliza, nasema hivyo ndivyo msichana mwenye heshima anavyovaa. Nikakufundisha na kroshia, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu watu wanakusifia kwamba umerithi mikono ya mama yako, nami huwa natabasamu. Masista walinifundisha kufuma nikiwa msichana, na kwa vitambaa vya makochi na vya meza nimesaidia kuiendesha nyumba hii tangu baba yako alipopatwa na kiharusi. Lakini wewe sikukufundisha ili upate ujuzi. Nilikufundisha kwa sababu mtu anayefuma hukaa, na akikaa huegemeza mgongo ukutani, na mgongo ulioegemea ukuta hauonekani.

Mimi nilikupa sindano ili usitoke ndani. Wewe ukaigeuza kuwa kitu kingine.

Ulipomaliza kidato cha nne ulikuwa umeshanipita. Vitambaa vya makochi ulivichoka. Siku moja ukanionyesha kwenye simu picha ya msichana aliyevaa koseti ya kufuma: kifuani kimia cha majani, kiunoni uzi umekazana ukashika mwili, mgongoni kamba zimepishana toka juu mpaka chini. Ukasema, “Hii nitaifuma.” Nikadhani ni ya kuuza.

Ulifuata maelezo ya kwenye simu, saizi ndogo, kama walivyoandika. Ulipoivaa, ubavu wa kulia ulivutwa mpaka mafundo yakafunguka macho, na wa kushoto ukalegea kama gunia tupu. Nilikuwa mlangoni. Moyoni nikasema, heri, ataacha. Nilishusha pumzi, Kalunde. Wewe ulivua, ukakaa kitandani, ukaivuta ncha ya uzi na kuifumua yote mpaka ikarudi kuwa donge, bila kununa. Kisha ukaja jikoni na futi kamba yangu.

“Nipime, mama. Kulia peke yake, kushoto peke yake.”

Tangu Lusu sikuwa nimekugusa mgongo. Nilikuwa nakupaka mafuta mabegani tu, naruka. Siku ile nikakushika kwa vidole vya mtu anayeshika sufuria la moto. Toka kwapani mpaka kiunoni, kulia kulikuwa kurefu na kushoto kufupi, na pale kushoto ngozi ilikuwa imejikunja mkunjo mmoja wa ndani. Nyuma kulia kulikuwa na kilima. Hukutaka kuandika namba. Kwa kila kipimo ulikata uzi wa urefu uleule, ukafunga fundo jekundu kwa nyuzi za kulia, ukazitundika zote kwenye msumari dirishani. Ukaniambia, “Usivute, mama. Ipitishe tu ilivyo.” Mkono wangu ulikuwa unavuta wenyewe, kwa mazoea ya kutaka ulingane.

Nilikuangalia ukiifuma. Ulianza na mnyororo wa kuzunguka kiuno, ukashindilia mafundo mafupi pale ili pashike. Kifuani ukafuma vikombe viwili kwa mzunguko, kimoja ukakiweka juu kidogo kuliko kingine kufuata mabega yako. Ubavu wa kulia ukaongeza safu, wa kushoto ukaanza kupunguza mafundo mapema, palepale kwenye mkunjo. Kwenye kilima ukafuma kimia chenye matundu makubwa kuliko kwingine. Nikakuuliza kwa nini pale, mahali pa kufichwa, ndipo unapafanya peupe? Ukasema uzi ukikazwa pale utakwaruza, ukiachiwa utapumua. Ulivaa, ukafumua, ukavaa tena. Mara ngapi sijui. Mwisho ukapitisha kamba mgongoni, ukaniita nikufunge.

Nikazishika zile ncha mbili, nikashindwa.

“Katika nguo zote za dunia,” nikakuambia, “umekwenda kuchagua ya kukufunga?”

Ulijua nimetaja nini bila kukitaja. “Vile vya Lusu vilitaka mimi niwe kama vyenyewe,” ukasema. “Hii nimeiambia mimi iwe kama mimi. Hainibani, mama. Inanifuata.”

Nikafunga. Nilipomaliza ukageuka, na nilimwona msichana ambaye nilikuwa nimemfunika kwa miaka yote ile. Ulikuwa mzuri. Si mzuri pamoja na mgongo wako, wala hata kama una mgongo ule. Ulikuwa mzuri basi, kama mtu anavyokuwa mzuri. Nilipaswa kukuambia palepale. Nilikuambia, “Utapata baridi.”

Na bado sikujifunza. Ulipoivaa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani, na sketi ya kitenge, nilikufuata ukumbini na kanga yangu nikakutupia mabegani mbele ya meza nzima. Ukaivua, ukaikunja vizuri, ukaniwekea mapajani kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichosahau. Kisha ukaenda kucheza. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akasema, wala hakunong'ona, “Masikini, mtoto mzuri, ni mgongo tu.” Wewe ulisikia. Ukageuka, ukampigia goti la heshima.

“Shikamoo mama. Ukitaka na wewe, nitakuja nikupime.”

Yule mama aliona aibu, lakini unajua alikuja. Alikuja kesho yake akiwa na uzi wake mwenyewe, na kumbe alikuwa na titi moja, lingine lilikwishaondolewa kwa ugonjwa. Ulimpima kulia peke yake, kushoto peke yake, kama unavyojipima, wala hukumuuliza swali. Siku ulipoimaliza koseti yake na yeye akaivaa ndani ya kanga, alilia pale kwenye kibaraza chetu, na mimi nikalia jikoni, na baba yako akawa anatutazama wote kwa jicho lake zima.

Nilidhani hapo ndipo hadithi imefika. Nilijiambia, amejikubali, watu wamemkubali, mgongo si kitu tena. Niliipenda sana furaha hiyo, ikanipofusha. Nilikuwa nakusikia ukisimama kupumzika kila unapotoka bombani, nikajiambia ndoo ni nzito.

Ilikuwa siku ya Pasaka. Unajiandaa kwa Misa, ukaniita nikufunge kamba. Nikavuta, hazikukutana. Ubavu wa kulia uzi ulikuwa unakukata, wa kushoto umejikunja.

“Uzi wa pamba husinyaa ukifuliwa,” nikasema.

“Ungesinyaa pande zote, mama.”

Ukaenda dirishani, ukashusha zile nyuzi za vipimo. Ukaniomba nikupime upya kwa nyuzi mpya, na mikono yangu tayari ilikuwa imejua. Ukazilaza kitandani mbili mbili, ya zamani na ya sasa. Za sasa zenye fundo jekundu zilikuwa zimerefuka, za kushoto zimefupika. Tulisimama tukizitazama kama watu wanaotazama nyoka. Wewe ndiye uliyesema.

“Si nguo iliyoharibika. Ni mimi ninayesogea.”

Yote yaliyofuata uliyafanya mwenyewe. Daktari wa safari hii alisikiliza kifua chako upande hadi upande, akasema pafu la kushoto linabanwa, na kadiri siku zinavyokwenda litabanwa zaidi. Akasema Dar es Salaam, vyuma, upasuaji mrefu. Nikafungua mdomo. Ukaweka mkono wako juu ya goti langu.

“Safari hii usinijibie, mama.”

Ukamuuliza yeye, “Nitatembea?”

“Wengi hutembea,” akasema. “Lakini siwezi kukuahidi.”

“Na nisipofanya?”

Akaweka tena kipimo chake kifuani kwako, upande wa kushoto. Ukasema, “Basi nitakwenda.” Nami nilikuwa nimekaa pale mkono wako gotini kwangu, nikijua kwamba swali hilohilo lingejibiwa kwa urahisi zaidi wakati miguu yako ilikuwa haijafika chini ya kiti. Sitaki uniambie sikujua. Watu wote wananiambia sikujua. Kutojua hakukunyooshi wewe.

Na sasa siwezi hata kwenda nawe. Nilijaribu, Kalunde. Ile siku niliyosema nakwenda kwa bibi yako Ntalikwa, sikwenda. Nilikaa kwa jirani toka asubuhi, nikichungulia juu ya ua nione kama binti yake mdogo anaweza kumlisha baba yako pale kibarazani. Akampa uji kijiko kizima upande ule usiomeza, baba yako akapaliwa, macho yakamtoka. Nikaruka ua. Bibi yako naye siku hizi anahitaji kushikwa mkono kwenda chooni. Kwa hiyo nimegawanywa, na kipande kinachobaki ni kikubwa kuliko kinachokwenda. Wengine watakuingiza kwenye chumba kile. Mtu mwingine atakaa nje ya mlango. Shangazi yako ni mtu mwema, lakini yeye hakukuzaa.

Leo mchana nilifanya jambo. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga rafiki zako. Nilichukua tiketi yako begini, nikakaa nayo mbele ya jiko la mkaa. Nilijiambia, ikiungua, basi litaondoka, na wiki hii itapita, na labda wiki ijayo atabadili mawazo, na atakuwa hai hapa kwangu, anapumua kidogo kidogo, lakini hapa. Ncha ya karatasi ilikuwa imeshaanza kuwa ya kahawia. Baba yako aliniona toka kitandani, mlango ulikuwa wazi. Akaanza kupiga ukuta kwa mkono wake mzima. Alipiga mpaka chokaa ikadondoka. Nikaenda kumtazama, jasho linamtoka, anatafuta neno, mdomo unakwenda upande. Unajua anavyohangaika na neno moja.

“Mwa… che.”

Mwache. Nilikaa sakafuni pale, kichwa changu kwenye godoro lake, nikalia kama mtoto. Ile alama ya kahawia utakayoiona kwenye tiketi yako si ya chai.

Jioni ukaniita nikupime mara ya mwisho. Nikadhani ni kwa ajili ya hospitali. Kumbe unafuma koseti nyingine, nyeupe. Mbele umeshamaliza, vikombe vipo, mbavu umeanza kidogo tu. Nikakuuliza mgongo uko wapi.

“Mgongo nitaufuma nikishaamka,” ukasema. “Nitajipima upya.”

Nilisema sawa. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, nikaing'ata kanga iliyokuwa kambani ili majirani wasisikie. Maana niliwaza jambo la kipumbavu. Niliwaza kwamba nimechelewa kuujua mgongo wako, nimeujua juzi juzi tu kwa vidole hivi, kilima na mkunjo wake, nimeanza kuupenda, na sasa wanakwenda kuuchukua. Watakurudisha na mwingine nisioujua. Kama watakurudisha.

Sasa nisikilize. Sina hekima ya kukupa. Yote niliyokufundisha kwa uhakika ndiyo yaliyokuumiza. Nina machache tu ambayo nimeyapata kwa kuangukia uso.

Nilikufundisha kuvumilia. Lisahau hilo. Ukiumwa kule, sema. Wakikuambia ni kawaida, sema tena. Usiwe jasiri kwa ajili ya kumfurahisha muuguzi wala shangazi wala mimi kwenye simu. Nilijivunia ujasiri wako wakati ngozi yako inatoa maji. Sitaki tena fahari ya namna hiyo.

Usimwache mtu akujibie. Hata akiwa na koti jeupe, hata akiwa anakupenda. Wanaokupenda ndio uwe nao macho zaidi, kwa sababu tunajibu haraka.

Na kama utaamka na miguu haijibu. Naliandika hili, ona mwandiko ulivyoharibika. Kama miguu haijibu, rudi nyumbani. Usibaki Dar es Salaam ukinionea huruma, usimwambie shangazi anifiche. Usifikiri nitasema nilijua. Nimejifunza kumgeuza mtu mzima kitandani, kumwogesha, kumbeba toka kitandani mpaka kwenye kiti bila kumdondosha. Nitakubeba na wewe. Mikono ninayo. Ningekuwa nimeambiwa hivyo siku ile kwenye foleni, kwamba hata likitokea lile baya zaidi kuna mtu atabeba, labda nisingesema hapana.

Lile jingine silitaji. Nimepiga magoti juu ya lile jingine mpaka magoti yamekufa ganzi, na sijapata jibu lolote, wala siwezi kukudanganya kwamba nimepata amani. Sina amani. Nina wewe, umelala chumba cha pili mlango ukiwa wazi, na alfajiri basi linakuchukua.

Baba yako alitaka kukubariki kwa kukupulizia maji ya mdomoni, kama wanavyofanya wazee wake. Nilimwona jioni anajaribu mwenyewe, wewe ulikuwa hujarudi. Alichukua maji mdomoni, yakamtoka yote upande mmoja yakalowesha shingo, akajaribu tena, na tena. Alfajiri utakapoinama kumuaga, kaa karibu sana na mdomo wake, na usijifute. Yatakayokufikia yatakuwa machache.

Sitaandika zaidi. Kila nikiandika neno nasimama kusikiliza kama unapumua, na pumzi yako ni fupi, na kati ya moja na nyingine kuna mahali ambapo mimi nakufa. Afadhali niwe karibu. Barua nitaitia mfuko wa pembeni wa begi, utaisoma mkishavuka Nzega, wakati hutaweza tena kushuka kurudi kunifuta machozi.

Nazima taa. Sogea kidogo ukutani mwanangu, nakuja kulala nyuma yako.

Mama.